Nunua pini itakayokubali kukatika

Bolti ngumu ikipachikwa mahali pa pini laini, kishindo cha jiwe moja hubebwa na giaboksi, na wakati mwingine na mwili wa dereva. Mkulima wa Mikinduri anaweza kuliepuka hilo akiwa bado dukani, kabla hajalipa.

Katika upande wa mashariki wa nchi ya Wameru, mvua za Oktoba hadi Desemba ndizo mkulima anazozitegemea zaidi. Za Machi huja, lakini hazitabiriki sana. Ndiyo maana Septemba inapoelekea ukingoni, ukishuka kutoka soko la Mikinduri kuelekea sehemu za chini za Tigania Mashariki, matrekta huwa hayapumziki. Wenye matrekta ni wachache, wenye mashamba ni wengi, na kila mmoja anataka ardhi yake iwe tayari kabla ya tone la kwanza. Trekta likikwama nusu siku kwa jirani, foleni nzima inarudi nyuma.

Sasa fikiria mashine ya kufyeka ikigonga kisiki kilichofichwa na majani. Mlio mmoja unasikika, visu vinaacha kuvutwa, injini inaendelea kunguruma. Dereva anashuka, anachungulia, anakuta pini imekatika vipande viwili. Mwenye shamba amesimama kando, mawingu yametanda juu ya vilima vya Nyambene, na duka la vipuri liko mbali. Ndani ya sanduku la spana kuna bolti iliyobaki kutoka kazi nyingine, na kwa bahati njema inaenea kwenye shimo lile lile. Inaingizwa, nati inakazwa, kazi inaendelea.

Uamuzi huo wa dakika tano unaweza kuwa ndio wa gharama kubwa kuliko yote msimu mzima. Bolti kuenea kwenye shimo ni jambo moja. Kukatika kwa wakati unaofaa ni jambo lingine kabisa, na hilo la pili ndilo kazi yenyewe ya pini.

Kazi ya pini

Sehemu nyingi za mashine hutengenezwa ili zisivunjike. Pini ya kukatika imetengenezwa ili ivunjike. Inafanana na fyuzi ya stima ndani ya nyumba: umeme ukizidi, fyuzi inaungua na redio inapona. Katika mashine ya shamba, nguvu hutoka kwenye injini, hupita kwenye shafti ya PTO nyuma ya trekta, huingia giaboksi ya mashine na kufika kwenye visu au meno. Mahali fulani katika njia hiyo, mtengenezaji ameunganisha vipande viwili kwa pini moja. Visu vikikwama ghafla, pini hukatika, kipande kimoja kinazunguka peke yake, na kishindo hakifiki kwenye gia.

Pini hizi utazikuta mahali pengi. Ziko kwenye shafti ya mashine za kufyeka na za kuchimba mashimo. Ziko kwenye gurudumu zito la mashine ya kufunga nyasi marobota, zile zinazoonekana upande wa Timau msimu wa majani makavu ukifika. Aina fulani za rotaveta zinazo. Plau za kugeuza udongo na majembe ya kuchana ardhi bila kuigeuza mara nyingi huwa na bolti ya namna hii kwenye kila mguu, ili mguu ukinasa jiwe ulale nyuma badala ya kupinda fremu. Plau ya visahani, iliyozoeleka sana kwetu, kwa kawaida haiihitaji, kwa kuwa visahani vyake huzunguka na kupanda juu ya kizuizi. Hata baadhi ya injini ndogo za boti kule Ziwa Viktoria na pwani hubeba pini kama hiyo kwenye propela, kwa ajili ya miamba na magogo yaliyo chini ya maji.

Tofauti ya bei inajieleza. Pini ni ya shilingi makumi. Giaboksi ya mashine ya kufyeka ni ya makumi ya maelfu, na kuipata kunaweza kumaanisha kuagiza Nairobi na kungoja mvua zikinyesha.

Udongo wenye mawe

Nyambene ni vilima vya volkano. Udongo wake unalisha miraa, chai, kahawa, ndizi na mahindi, lakini lava iliyouzaa udongo huo imeacha pia mawe, mengine juu ya ardhi na mengine yamelala kina cha jembe tu. Dereva anayetoka Mwea, ambako rotaveta huvuruga tope zito la mpunga, atashangaa mashine ile ile ikifika Tigania. Kule adui ni uzito wa tope, mzigo unaopanda polepole. Huku adui ni kishindo: mashine inazunguka kwa wepesi, kisha kwa kufumba na kufumbua inakutana na jiwe lisilosogea.

Kazi ya kuchimba mashimo inalionyesha hili vizuri. Wakulima wanaopanda parachichi, makadamia na ndizi wanahitaji mashimo mengi ya upana na kina sawa, na mashine inayofungwa nyuma ya trekta huyachimba haraka sana. Katika ardhi ya mawe, keekee yake ya kuchimbia hunaswa mara kwa mara. Hapo pini zitakatika, na dereva anayezoea kuona pini ikikatika kila baada ya mashimo machache huanza kuiona pini kuwa mbovu. Anatafuta iliyo ngumu zaidi, ingawa ile iliyokatika ilikuwa ikitimiza kazi iliyowekewa.

Soma kichwa cha bolti

Mashine nyingi hutumia bolti ya kawaida kama pini ya kukatika, na ugumu wa bolti unaandikwa kichwani mwake. Kwa bolti za milimita, utaona tarakimu mbili zenye nukta katikati: 4.6, 5.8, 8.8, 10.9 au 12.9. Alama hizi zinafuata kiwango cha kimataifa kiitwacho ISO 898-1. Tarakimu ya kwanza, ukiizidisha kwa 100, inakupa nguvu ya chuma hicho kikivutwa mpaka kukatika, kwa kipimo cha megapaskali. Bolti ya 4.6 ni ya 400, ya 8.8 ni ya 800, yaani maradufu. Tarakimu ya pili inaonyesha ni sehemu gani ya nguvu hiyo chuma kinaweza kubeba kabla ya kuanza kupinda bila kurudi: 6 ni asilimia 60, 8 ni asilimia 80.

Bolti za inchi zina alama tofauti. Zile laini, ziitwazo gredi 2, hazina mstari wowote kichwani. Gredi 5 zina mistari mitatu, na gredi 8 zina mistari sita. Kwa kifupi, mistari ikiongezeka, chuma nacho kinakuwa kigumu zaidi.

Hapa ndipo desturi ya dukani inapomponza mkulima. Kwa miaka mingi tumefundishwa kwamba bolti ngumu ndiyo bolti nzuri, na kwa kufunga gurudumu au injini hilo ni kweli. Muuzaji anayekupa 8.8 badala ya 4.6 anaamini amekufanyia hisani. Fundi anayekutafutia 10.9 anadhani amekumalizia tatizo. Wote wawili wana nia njema, na wote wawili wameondoa kinga ya mashine yako. Kwa pini ya kukatika, bolti bora ni ile iliyo sawa na ya mtengenezaji, hata kama ni laini kuliko zote dukani.

Kuna mitego mingine miwili. Bolti isiyo na alama yoyote inaweza kuwa laini, lakini inaweza pia kuwa ya chuma cha aina yoyote, kwa hiyo usiichukue kuwa 4.6 kwa kuitazama tu. Na gredi inahakikisha kiwango cha chini: bolti iliyoandikwa 4.6 haitakuwa dhaifu kuliko hapo, lakini inaweza kuwa imara kidogo zaidi. Ndiyo sababu baadhi ya watengenezaji huuza pini zao wenyewe, nyingine zikiwa zimechongwa mfuo mwembamba mahali hasa zinapotakiwa kukatika. Kama mashine yako ilikuja na pini yenye mfuo, tafuta yenye mfuo. Bolti nzima ya unene uleule itabeba mzigo mkubwa zaidi.

Hesabu ya milimita mbili

Tuchukue mfano wa trekta la nguvu za farasi 50, ukubwa unaoonekana sana katika mashamba ya Kenya. Nguvu hiyo ni kama kilowati 37. PTO ikizunguka mara 540 kwa dakika, mwendo wa kawaida wa mashine nyingi, trekta hilo linaweza kuisukuma shafti kwa nguvu ya kuzungusha inayokaribia newtoni-mita 650.

Sasa weka pini ya milimita 8, gredi 4.6, iliyopita mahali pamoja pa kukatwa, umbali wa milimita 40 kutoka katikati ya shafti. Chuma cha bolti hukatwa kwa ubavu kwa takriban asilimia 60 ya nguvu inayohitajika kukivuta mpaka kikatike. Eneo la pini hiyo ni milimita za mraba 50 hivi, kwa hiyo itakatika kwa nguvu ya kilonewtoni 12, sawa na uzito wa zaidi ya kilo 1,200. Ukizidisha kwa umbali wake kutoka katikati, unapata newtoni-mita 480 hivi. Ina maana kwamba visu vikinasa, pini inaachia kabla nguvu yote ya trekta haijaingia kwenye giaboksi.

Badilisha gredi peke yake. Pini ya 8.8 ya unene uleule itabeba karibu newtoni-mita 965. Trekta litatoa nguvu zake zote na pini haitashtuka. Kitakachoshtuka ni meno ya gia, beringi, krosi za shafti, au PTO yenyewe ndani ya trekta.

Badilisha unene peke yake. Rudi kwenye 4.6 lakini chukua milimita 10 badala ya 8. Milimita mbili zinaonekana ndogo mkononi, lakini eneo la chuma huongezeka kwa asilimia 56, na pini sasa inabeba karibu newtoni-mita 750. Imeshapita uwezo wa trekta. Fundi aliyetoboa shimo likawa pana kidogo ili bolti iliyopo iingie amefanya kosa sawa na la yule aliyeweka chuma kigumu.

Badilisha nyuzi. Bolti ya milimita 8 ikikaa vibaya, sehemu yenye nyuzi ikaangukia pale inapokatwa, chuma kinachobeba mzigo kinapungua hadi milimita za mraba 37 hivi. Nguvu inashuka mpaka newtoni-mita 350, na pini itakuwa inakatika hata kwenye kazi ya kawaida. Kwa hiyo urefu wa sehemu laini ya bolti una maana: chagua bolti ambayo shingo yake isiyo na nyuzi inapita kabisa sehemu zote mbili zinazokutana, kisha nyuzi zianzie nje.

Tarakimu hizi ni za mfano, na mashine yako ina zake. Nyingine hukata pini mahali pawili kwa mpigo, na hapo nguvu inakuwa maradufu. Mtengenezaji amekwisha kufanya hesabu hii, na jibu lake ni lile aliloandika kwenye kitabu cha mashine: unene, urefu na gredi. Kazi ya mnunuzi ni kuheshimu yote matatu kwa pamoja.

Inchi na milimita

Eneo kama Mikinduri lina mashine za vizazi tofauti. Kuna vifaa vya zamani vilivyotengenezwa Uingereza au Marekani kwa vipimo vya inchi, na kuna vya siku hizi kutoka India, Uchina, Uturuki na Italia, vingi vikiwa vya milimita. Vyote hupelekwa kwenye maduka yale yale.

Bolti ya inchi 5/16 ni milimita 7.94, kwa hiyo ile ya milimita 8 inakaribiana nayo sana. Lakini 3/8 ni milimita 9.53. Bolti ya milimita 10 haitaingia humo, na hapo ndipo drili huletwa. Ya milimita 8 itaingia kwa ulegevu wa milimita moja na nusu, na pini iliyolegea haikatwi kwa usafi. Inagongwagongwa, inapinda, inachoka, inakatika siku isiyostahili au inajipinda na kukwama ndani ya shimo. Pini inatakiwa iingie kwa kusukumwa kwa mkono au kwa kugongwa taratibu, bila kucheza.

Dawa ni kupima. Kalipa ya kawaida ya fundi itakuambia ukweli ndani ya sekunde chache. Usipokuwa nayo, beba vipande vyote viwili vya pini iliyokatika, safi, na uvipeleke dukani pamoja na nati yake. Kichwa kitaonyesha gredi na shingo itaonyesha unene. Urefu unapatikana kwa kuunganisha vipande hivyo viwili. Kama aliyekutangulia aliweka pini isiyofaa, vipande hivyo vitakudanganya, kwa hiyo vilinganishe na kitabu cha mashine kila inapowezekana.

Vitu visivyo pini

Kila anayefanya kazi na matrekta ameona vitu vya ajabu vikitolewa kwenye mashimo ya pini. Nondo ya ujenzi ni mojawapo. Nondo za kisasa zenye mbavu zimetengenezwa ziwe imara ndani ya zege, ni ngumu kuliko pini laini, na mbavu zake hazikai sawa shimoni. Kipande cha keekee ya drili au shina la valvu ya injini ni chuma kilichopikwa kikawa kigumu sana. Kinaweza kukataa kabisa kukatika, au kikapasuka na kurusha vipande. Msumari wa inchi sita ni laini, lakini ni mwembamba kuliko mashimo mengi, kwa hiyo hupinda na kusagika. Bolti ya chuma kisichoshika kutu inang'aa na inavutia, lakini nguvu yake ni nyingine kabisa, na inapendeza jicho kuliko inavyoilinda giaboksi. Pini ya springi, ile iliyokunjwa kama bomba, hutengenezwa kwa chuma kigumu. Isiwekwe mahali pa pini nzima isipokuwa mtengenezaji ameitaja.

Kosa kubwa kuliko yote ni kuchomelea. Wako waliochoka na pini wakaziba kiungo kwa moto, vipande viwili vikawa kimoja. Mashine hiyo haina kinga tena. Siku itakapokutana na mwamba, kitu kitavunjika, na mwenye mashine amejinyima haki ya kuchagua ni kitu gani.

Tazama shimo, tia grisi

Pini nzuri kwenye shimo bovu ni hasara. Kila pini inapokatika, kingo zake huacha makovu kwenye chuma. Baada ya misimu kadhaa shimo la mviringo linakuwa na umbo la yai, na kila pini mpya inaanza kazi ikiwa imelegea. Katika mashine nyingine shimo lina kikombe cha chuma kigumu kinachoweza kubadilishwa. Pasipo na kikombe, mpelekee fundi wa kukereza alirudishe shimo kwenye kipimo chake cha asili. Kupanua shimo na kununua pini nene ni njia fupi inayorudi kule kule kwenye hesabu ya asilimia 56.

Jambo linalosahaulika zaidi ni grisi. Pini ikishakatika, vipande viwili vya kiungo vinatakiwa vizunguke kimoja juu ya kingine bila kushikana. Kama hapakupakwa grisi mwaka mzima, vitaumana, na nguvu itaendelea kupita kana kwamba pini bado ipo. Tafuta chuchu ya grisi kwenye kiungo hicho, isafishe, ipige pampu kila unapopiga zile nyingine. Na unapotoa pini iliyokatika, toa vipande vyote. Kipande kilichobaki ndani kinaweza kukwama kama kabari.

Nati nayo ina kipimo chake. Ikikazwa kwa nguvu kupita kiasi, vipande viwili vinabanana na msuguano unaongeza mzigo unaohitajika kuikata pini. Ikiachwa legelege, pini itacheza. Fuata kitabu, na tumia nati ya kujifunga yenyewe ili mtikisiko usiifungue.

Pini zikikatika kila saa

Pini mbili au tatu kwa siku katika shamba la mawe ni gharama ya kazi. Pini inayokatika shamba safi ni ujumbe, na ujumbe huo usomwe kabla ya kununua nyingine. Sababu ya kawaida ni dereva kuiwasha PTO injini ikiwa kwenye mwendo mkubwa. Visu vizito vinatakiwa vitoke kwenye kusimama hadi mwendo kamili kwa mkupuo mmoja, na pini ndiyo inayolipa. Washa PTO injini ikiwa chini, kisha ongeza mwendo taratibu hadi ufikie 540.

Baada ya hapo tazama visu kama vimekuwa butu, beringi kama zimekauka, shafti kama imepinda au imeunganishwa kwa pembe kali mno, na urefu wa majani kama umezidi uwezo wa mashine. Punguza mwendo wa trekta. Inua mashine kidogo. Tembea shambani kabla ya kuanza, uweke alama kwenye visiki na mawe makubwa. Kutembea ekari moja kwa miguu ni nafuu kuliko pakiti nzima ya pini.

Baadhi ya mashine mpya hutumia klachi ya kuteleza badala ya pini. Ikizidiwa, sahani zake huteleza, kisha hushika tena, na dereva hana haja ya kushuka. Ni kifaa kizuri, lakini klachi iliyokaa miezi kadhaa chini ya mti hushika kutu na kugandamana, na isipofunguliwa na kutelezeshwa kabla ya msimu inakuwa kama kiungo kilichochomelewa.

Usalama wa anayebadilisha

Pini hubadilishwa kwa haraka, kando ya shafti, na mtu aliyekasirika kwa sababu kazi imesimama. Huo ndio wakati wa hatari. PTO inayozunguka mara 540 kwa dakika inazunguka mara tisa kwa sekunde. Shafti ya unene wa sentimita 8, isiyo na kifuniko, inaweza kuvuta zaidi ya mita mbili za nguo ndani ya sekunde moja. Hakuna mwanadamu mwenye wepesi wa kushindana nayo.

Kwa hiyo utaratibu ni mmoja, hata mvua ikiwa inaanza kudondoka. Zima PTO. Zima injini, chomoa ufunguo na uutie mfukoni mwako. Ngoja kila kitu kisimame kabisa, maana visu na magurudumu mazito huendelea kuzunguka baada ya pini kukatika na baada ya injini kunyamaza. Mashine iliyoinuliwa ishushwe chini au iwekewe magogo imara kabla mtu hajaingiza mkono. Vifuniko vya shafti virudishwe mahali pake kabla ya kuwasha.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Kenya, ya mwaka 2007, inamtaka mwenye mitambo azibe sehemu zake za hatari. Shamba ni mahali pa kazi kama kiwanda, na kijana anayelipwa kwa siku kukaa nyuma ya trekta ni mfanyakazi kama wengine. Kuna sababu nyingine ya kusema haya kwa uzito: pini ngumu hugeuza hatari iliyokuwa ya chuma ikawa ya mtu. Pini laini ikikatika, visu vinaacha kuvutwa. Pini ngumu ikikataa, kinachovunjika kinaweza kuwa krosi ya shafti, na shafti iliyoachia upande mmoja hupigapiga kila kilicho karibu nayo.

Nini kifanyike sokoni

Tatizo hili halihitaji mradi mkubwa wala fedha za serikali. Linahitaji mambo machache, na yote yako karibu.

La kwanza ni la wenye maduka ya hadiwea na vipuri, Mikinduri, Muthara, Kianjai, Maua na Meru mjini. Tengeni kisanduku cha bolti za 4.6 za milimita 8, 10 na 12, na za gredi 2 za inchi 5/16, 3/8 na 1/2. Andikeni juu yake kwa kalamu nene: pini za kukatika. Muuzaji anayemuuliza mteja ni mashine gani kabla ya kumpa bolti atampata mteja huyo msimu ujao pia.

La pili ni la mafundi wa jua kali wanaotengeneza mashine za kukata majani ya ng'ombe na za kupukuchua mahindi. Nyingi huendeshwa kwa mikanda, na mkanda unaoteleza kidogo ni kinga ya aina yake, mradi usikazwe kama kamba ya gitaa. Zile zinazounganishwa moja kwa moja na PTO ziwekewe kiungo cha pini tangu siku ya kwanza, na kipimo cha pini kigongwe kwa herufi kwenye bamba la mashine. Bamba linaonekana hata miaka mingi baada ya kitabu kupotea.

La tatu ni la walimu. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru kiko Nchiru, safari fupi kutoka Mikinduri. Kaguru kuna kituo cha mafunzo ya wakulima, na Siakago, Embu, kuna kituo cha teknolojia ya kilimo. Somo la kusoma kichwa cha bolti linamalizika asubuhi moja chini ya mti, na linaweza kutolewa kwa Kiswahili au Kimeru kwa madereva ambao hawajawahi kufunguliwa kitabu cha mashine kwa lugha wanayoielewa.

La nne ni la mwenye trekta mwenyewe, na ndilo la haraka kuliko yote. Kabla ya Oktoba, fungua kitabu cha kila mashine, au kama hakipo, muulize anayeuza mashine za aina hiyo. Nakili unene, urefu na gredi ya pini. Piga rangi tarakimu hizo kwenye fremu, karibu na kiungo. Nunua pini za kutosha kazi ya msimu, pamoja na nati zake, uziweke kwenye kopo lenye kifuniko lililofungwa kwenye trekta, na uondoe kwenye sanduku la spana kila bolti ngumu inayoweza kuingia shimo lile. Mkabidhi dereva ponchi, nyundo, spana mbili na bomba la grisi.

Kisha mwambie dereva, mbele ya utingo wake, kwamba hatalaumiwa pini ikikatika. Madereva wengi huweka bolti ngumu kwa kuogopa maneno ya tajiri kuhusu muda uliopotea. Tajiri anayehesabu vizuri ataona kwamba dakika kumi za kubadilisha pini ndizo dakika alizonunua mashine ikiwa mpya, na kwamba kila pini iliyokatika mahali pake ni giaboksi moja ambayo hakulazimika kuilipia, na ni kijana mmoja aliyerudi nyumbani na mikono yake yote miwili.